Ukuta wa Mshipa

Baba mkwe wangu ni fundi bomba, na kila kitu anakipima kwa jinsi maji yanavyotoka. Jioni nikienda darasani, yeye ndiye anayebaki na binti yangu wa miezi minane, akimbembeleza kwa kumtajia majina ya spana mpaka alale. Mimi mwenyewe nikimlaza, ni vita.

Jumamosi nilifungua begi lake la kazi nikitafuta spana ya kukazia kitanda cha mtoto. Chini kabisa nikakuta dawa zake za kolesteroli, zile alizopewa baada ya kifua kumbana. Pakiti nne, hata moja haijaguswa.

Nikazipeleka jikoni. Alikuwa amempakata mjukuu wake.

"Baba, mbona hizi zimelala?"

Akamhamishia mtoto goti la pili taratibu.

"Mwanangu, nimezibua mabomba miaka thelathini na nane. Bomba likiziba, maji yanapungua. Mimi napanda ghorofa nne na begi begani, sihemi. Na kila asubuhi nakunywa maji ya moto glasi mbili, mafuta yanaondoka. Masinki ya hoteli nayazibua hivyo hivyo."

"Wewe si sinki."

"Marehemu mama yenu alikuwa na maoni tofauti."

Nikachukua daftari langu la biolojia, nikamchorea mshipa.

"Mafuta hayakai njiani, Baba. Yanapenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo. Mwili unatuma chembe nyeupe za damu ziyale. Zinakula mpaka zinavimbiwa, nyingine zinafia humo humo, na zinazobaki zinaita wenzao. Ukuta unawaka, unavimba ndani kwa ndani. Damu bado inapita, na wewe bado unapanda ngazi zako. Siku uvimbe ukipasuka, damu inaganda pale, na njia inaziba ghafla."

"Ukuta wa bomba hauingizi mafuta."

"La kwako ni nyama."

Akatazama mchoro, lakini niliona haujamwingia. Nikafikiria kazi yake.

"Umewahi kuitwa nyumba ambayo koki inatoa maji vizuri, lakini rangi ya ukuta imevimba?"

"Mara nyingi."

"Unafanyaje?"

"Nabomoa plasta siku hiyo hiyo. Bomba linavujia ndani."

"Na mwenye nyumba akisema, mbona maji yanatoka?"

"Namwambia asubiri, yatatoka mpaka sebuleni." Mtoto alikuwa anamvuta sikio, hakumzuia.

"Kumeza nitameza," alisema mwishowe. "Tatizo ni daktari. Mwezi uliopita aliona kipimo hakijashuka. Nikamwambia sikosi hata siku moja. Akaniandikia za nguvu zaidi."

Kumbe pakiti ya nne ndiyo hiyo.

"Basi usianze yoyote mpaka tumwambie ukweli. Jumatatu nakusindikiza."

"Daktari mwenyewe ni binti wa umri wako. Atanionaje?"

"Kama mgonjwa. Amewazoea."

Jumatatu njia nzima hakutania hata mara moja. Nilidhani nitasema mimi. Lakini hatujakaa vizuri, akaziweka pakiti zote nne mezani.

"Daktari, nilikudanganya. Sijameza hata moja. Mwenye nyumba akinidanganya mimi, nabomoa ukuta usio na kosa. Nisamehe, anza upya."

Daktari akazihesabu bila kumsema. Akaiweka kando ile ya nguvu, akapigia mstari dozi ya kwanza, akamwambia arudi kupimwa baada ya wiki sita.

Jioni ile alimeza mbele yangu, akanifungulia mdomo nione, kama mtoto wa chekechea.

"Huko kuwaka kunatulia lini?" akauliza.

"Si leo wala kesho. Miezi, ukimeza kila siku."

"Miezi ninayo." Akanyoosha mikono nimpe mjukuu wake. "Lete huyu, utachelewa darasani."