Chumba cha Kuguswa

Mama ni fundi wa maabara ya hospitali, na watoto wake wawili wamekua wakimsubiri katikati ya chupa na hadubini. Kwa hiyo wana adabu moja ya ajabu: wakiingia penye vitu vya thamani, mikono inakwenda nyuma yenyewe.

Ndivyo walivyoingia kwenye maonyesho ya sanaa. Chumba kilikuwa giza tupu. Wakasimama katikati, wakangoja. Wapi!

"Ndiyo hii?" Mama akamuuliza msichana wa mlangoni. "Tumekuja kutazama giza? Si tungezima taa nyumbani!"

Msichana alicheka mpaka akashika ukuta. Pale alipoushika likachipua ua la mwanga, jekundu, likatambaa hadi darini.

"Ukuta huu usipoguswa umelala, mama. Guseni! Mna robo saa tu."

Kaka mtu, wa miaka tisa, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipopitisha kiganja majani yalimfuata. Alipokimbia, ndege waliruka kutoka vidoleni mwake.

"Mama, ona! Wananifukuza!"

Mama akainua macho, akaziona kamera na projekta darini. Akaelewa mtambo unavyokwenda, lakini kuelewa hakukupunguza kitu. Ndege walipofika kwenye kivuli cha mwanawe walikunja mbawa wakamkwepa; maana yake kuna mtu alikaa kitako akafikiria hata hilo. Kazi safi. Na Mama hasifu kazi ya mtu ovyo.

Kitinda, binti yake wa miaka mitano, alibaki palepale, mikono nyuma.

"Nenda, mwanangu, gusa."

"Vitavunjika."

"Havivunjiki, ni mwanga tu."

"Ulisema tukigusa, mgonjwa atakosa majibu yake."

Mama alikuwa amesema hivyo kweli, tena kwa ukali, siku kichupa cha damu kilipoanguka. Zilibaki dakika nne. Angemwamrisha, lakini amri zake ndizo zilizomfunga mtoto mikono.

Akavua viatu. Akaubandika ukutani mgongo mzima, mikono kaitanua, kisha akageuka akaweka na shavu. Maua yakafumka pande zote, ya njano, ya zambarau, yakamzunguka kichwa.

"Mama kaota bustani!" kaka mtu akapiga kelele.

Kitinda akacheka, huku machozi yanamlenga. Akasogea. Akamshika mama yake mkono kwanza, akashuka nao polepole, mpaka kidole kimoja kikafika ukutani. Likatoka ua la buluu, dogo kama kifungo. Akakichomoa kidole. Ua likabaki.

"Hakuna anayeumwa?"

"Hakuna."

Akaweka kiganja. Kisha cha pili.

Muda ulipokwisha, kundi jingine liliingia likiburuta miguu gizani. Mama akamwita Kitinda mara tatu, hakusikia. Alikuwa amemshika mkono bibi mmoja asiyemjua, anamvuta ukutani.

"Njoo huku, Bibi. Weka mikono yote. Usiogope."