Makumbi ya Mwenzangu

Mwanamkasi alifukua kwa mikono miwili kama mtu aliyeangusha pete. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya minazi ya Bwejuu, maji yanajaa, naye yumo shimoni hadi magotini, anatoa makumbi ya nazi yaliyolala mchangani miezi mingi na kuyatupa pakachani bila hata kuyaangalia. Yalinuka uvundo wake wa siku zote. Jioni ile yeye aliuona ni udi.

Kesho alikuwa anakwenda mjini kutazamwa na watu.

Habari yenyewe aliileta Bwana Msabah, mtu wa makumbusho, aliyefika kijijini mwaka ule wa hamsini na nne kabeba viatu vyake mkononi. Alieleza kwamba makumbusho yamechoka kuonyesha vitu vilivyofungiwa vioo. Uani kwao wamejenga kibanda cha udongo na kupanda mihogo na mtama, na sasa watakuwa wanamwita mtu wa shamba afanye kazi yake pale pale, ili watu wa mjini na watoto wa skuli waje waone na wajaribu wenyewe. Wataanza na fundi wa kamba za usumba, zile nyuzi zinazotoka kwenye makumbi yaliyofukiwa. Kamba itakayosokotwa siku hiyo itatundikwa ndani, na chini yake litaandikwa jina la mwenye kazi.

Tangu alisikie hilo la jina, Mwanamkasi hakulala vizuri. Hakujaaliwa mtoto. Mumewe, Mmanga, alikwishafariki na kuacha wajane wawili, yeye na Sichana, na wajane hao hawakusemezana tangu siku waliyotoka eda. Waligombania kitanda, na kitanda chenyewe kikaja kuliwa na mchwa. Walichobaki nacho kwa pamoja ni ujirani wa mashimo ya makumbi, ambayo Mmanga aliwachagulia ubavu kwa ubavu, kila moja limezungushiwa mawe yake. Na wanawake wa pwani ile wanaweza kugawana mume, lakini shimo la mwenzio huligusi.

Gari la makumbusho lilimchukua baada ya sala ya alfajiri. Alijifunga kanga mpya, akakaa mbele, pakacha nyuma. Dereva alifungua madirisha yote, na walipofika Tunguu akauliza kwa adabu kama ndani ya pakacha hamna kitu kilichokufa. Mwanamkasi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile angecheka hata kwa kutukanwa.

Uani palikuwa pamejaa. Walikuwepo wanafunzi na walimu wao, mabibi wa mjini katika buibui zao, na wazee wa kanzu zilizopigwa pasi. Bwana Msabah alimkaribisha mkekani, akatangaza jina lake, akalitangaza tena. Mwanamkasi alikaa, akalimwaga pakacha lake, na uwanja mzima ukarudi nyuma kwa pamoja. Mabibi waliziba pua kwa buibui. Alikuwa anataka kuwatania kidogo, ndipo jicho lake likaangukia kwenye vifundo.

Makumbi yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu kwa ukindu, na kila fundo limepigwa kwa mkono wa kushoto. Mwanamkasi hakuwa na shoto. Bwejuu nzima, katika wafukiaji wa makumbi, mwenye shoto alikuwa mmoja.

Bamvua lililopita, yale maji makuu, lilikuwa limeyasogeza mawe, giza lilikuwa linaingia, na furaha ikamfanya asione. Amefukua shimo la Sichana. Kwao huo ni wizi na hauna jina la kupambia. Angeweza kusimama na kusema, lakini watoto walikuwa wameshaanza kusogea tena na kuchuchumaa mbele yake, na rungu la kupondea makumbi alikuwa nalo mkononi. Alipiga.

Usumba ukatoka. Na usumba gani! Mrefu, laini, wa rangi ya asali, hauna kapi hata moja. Sichana alijua kufukia, hilo hata siku za ugomvi Mwanamkasi hakulikataa. Wivu ulimshika, na raha ikamshika zaidi. Watoto waligombania rungu. Mwalimu mmoja alikunja mikono ya kanzu akapiga kidole chake mwenyewe, na mabibi wakasahau pua zao. Aliwafundisha kusokota kwa viganja, kila mmoja akapata kipande chake, na ua mzima ukawa unapiga kelele za watu wanaofanya kitu kwa mara ya kwanza. Mwanamkasi alikuwa na furaha na hofu, na hakujua ipi ni ipi.

Adhuhuri ikikaribia, Sichana akaingia.

Alikuwa ameshuka pwani asubuhi, akakuta shimo lake wazi, akauliza, akajibiwa kwamba Mwanamkasi kaenda mjini na pakacha la makumbi. Alipanda basi la kwanza. Maneno aliyokuja kuyasema mbele ya watu wa mjini aliyafanyia mazoezi njiani, na abiria wote waliyasikia.

Mwanamkasi hakumngoja ayaanze.

"Mwenzangu," alisema, "nimefukua kwako. Nlikuwa na haraka, sikutazama."

Sichana alifungua kinywa. Lakini msichana mmoja wa skuli, ambaye hakujua lolote, alimnyooshea kipande alichosokota akamuuliza kama kimekaa sawa. Hakikukaa sawa hata kidogo. Sichana alikitazama, akakifumua, akakaa chini amwonyeshe, na alipomaliza usumba wake mwenyewe ulikuwa umemjaa mapajani.

"Ntakusema nyumbani," alimwambia Mwanamkasi. "Hapa nipe ncha."

Kamba nene haisokotwi na mtu mmoja. Walisimama, huyu kwenye mlango wa kibanda, yule mwisho wa mihogo, wakazipindanisha zile nyuzi, na kamba ikaanza kujikaza katikati yao. Watoto walikimbia huku na huku wakiifuata. Miaka yote ile hawajashika kazi moja, na mikono ilikwenda pamoja bila kuambiana.

Bwana Msabah alikuja na kalamu na kikaratasi kigumu.

"Bi Mwanamkasi, jina lako kamili niandike vipi?"

Alikuwa nalo tayari mdomoni, Mwanamkasi binti Usi, alivyolisema peke yake usiku kucha. Aliitazama kamba mpaka mwisho wake.

"Andika Sichana binti Nahodha."

Kule kwenye mihogo Sichana alisahau kuvuta. Kamba ililegea, ikashuka mpaka kwenye majani, na watoto wakaguna. Bwana Msabah aliwatazama wote wawili, akauliza kama ni jina hilo moja tu.

"Vuta, mwenzangu," Mwanamkasi alisema. "Usiniachie."

Sichana alijifuta uso kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini, kisha akavuta.