Anadai Ana Mtoto

Kwenye picha, bibi amenyolewa kipara na ameshikishwa kibao chenye namba. Anamtazama mpiga picha kama mtu aliyekatizwa maneno. Pua ni ya mama yangu, haina ubishi.

Mama alikuwa nyumbani akinisubiri. Alilelewa na shangazi yake, na tangu utotoni aliambiwa kwamba mama yake alimtupa akiwa mchanga, akafuata wanaume. Nilipopata fununu kuwa bibi alifia hospitali ya wagonjwa wa akili, mama aliniagiza jambo moja tu: "Kaangalie kama aliwahi kuniulizia."

Jalada lake pale hospitalini lilikuwa jembamba. Penye maelezo ya mgonjwa paliandikwa: hajawahi kuzaa. Nikamwambia mtunza nyaraka wamekosea mtu, maana mimi niliyesimama mbele yake nilitoka wapi?

"Hawajakosea," alisema, akanigeuzia ukurasa. "Enzi hizo maelezo aliyatoa aliyemleta mgonjwa. Nani alimleta?"

Mumewe. Babu yangu, mzee tuliyemzika kwa sifa kedekede. Ukoo mzima ulijua alioa tena upesi na mtoto akamwachia dada yake. Hilo la katikati, kwamba alimpeleka mkewe hospitali ile, ndilo hatukuwahi kulisikia.

"Na maneno ya mgonjwa mwenyewe?" nikauliza.

"Hayo yaliwekwa kwenye dalili."

Nikasoma dalili. Anadai ana mtoto. Anadai matiti yanamuuma kwa maziwa. Hakuna aliyejisumbua kumpima. Usiku anabembeleza mto. Anamuuliza kila muuguzi mtoto amekula nini. Miaka ikapita, miandiko ikabadilika, dalili ni ile ile. Kisha, karibu na mwisho: Ametulia. Hamtaji mtoto tena. Ana nafuu kubwa.

Hakuna aliyekwenda kumchukua. Alikufa na nafuu yake.

Nililia pale pale mezani, kwa hasira, wala sikujali nani ananiona.

Jioni, kwenye nakala niliyopewa, nilimsomea mama habari za maziwa na mto. Alijifunika uso kwa viganja.

"Kumbe sikutupwa," alisema. Kisha akauliza, "Na mwishoni je? Aliteseka sana?"

"Wameandika alipata nafuu, mama."

"Afadhali." Alishusha pumzi. "Hebu nisomee tena hapo."

Nikaifunika kwa kidole sentensi iliyotangulia, nikamsomea hapo tu.