Inchi Mbili za Kiuno

Fundi cherehani alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kuzoea mabenchi ya hospitali, pochi mapajani, mkononi mfuko wa kutapikia. Hospitali hii ilikuwa ya tatu. Kando yake binti yake wa miaka kumi na saba alikuwa ameinama, kifua kwenye magoti.

"Kaa vizuri, watu wanatuangalia."

"Nikikaa vizuri tumbo linauma, mama."

"Haya, inama basi." Hata kugombeza kulikuwa kumemshinda.

Jamani, mtoto huyu alisemwa. Daktari wa kwanza alisema vidonda vya tumbo, akampa vidonge. Shangazi mtu, ambaye hakusomea chochote ila hakosi jibu, alisema mimba. Tumbo lilipozidi kuingia ndani badala ya kutoka, akageuza maneno: binti anajitapisha makusudi, anataka umbo la wasichana wa kwenye simu. Hilo ndilo lililokaa. Daktari wa pili naye aliliandika, na barua yake ilikuwa ndani ya pochi ya fundi: binti apelekwe wodi ya wagonjwa wa akili, alishwe kwa lazima, asiachwe kwenda chooni peke yake. Kitanda chake kilikuwa tayari kwa Jumatatu. Ilibaki sahihi ya daktari wa hapa.

Na fundi alikuwa anajua jambo ambalo hakuna daktari aliyeambiwa.

Lilianzia kazini. Fundi hakuwa na sanamu ya kuvalisha nguo. Aliyokuwa nayo ilivunjika zamani, na tangu hapo binti ndiye sanamu. Mteja wa mbali anatuma vipimo kwa simu, binti anapanda juu ya stuli, gauni linavalishwa, pini zinapita. Mambo yalikwenda hivyo miaka, mpaka akaja bibi harusi mmoja: mabega ya binti, nyonga za binti, urefu wa binti, ila kiuno inchi ishirini na tano. Binti alikuwa na ishirini na saba. Kila wakijaribu, kiuno kinagoma. Fundi anashona, anafumua, anashona tena. "Bana tumbo," anasema, pini mdomoni, na binti anabana mpaka pumzi inakatika. Siku moja mgongo ulimwaka fundi akajitupa kwenye kiti.

"Ungepungua inchi mbili tu, mwanangu, mama yako angepumzika."

Maneno ya mtu aliyechoka. Yeye aliyasahau kabla chai haijapoa. Binti hakuyasahau. Aliacha chakula cha mchana, kisha cha jioni, akawa anasema amekula kwa rafiki yake. Wiki saba. Fundi aliandika kwa mkono wake kwenye daftari la vipimo: ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na tano. Gauni likakaa sawasawa, na yeye akafurahi. Mungu amsamehe, alifurahi kweli. Gauni likaenda zake. Binti akarudi mezani ale kama zamani, na chakula kikakataa kupita. Vijiko vitatu, anashiba. Saa moja baadaye, matapishi ya kijani.

Waliitwa ndani. Daktari alikuwa mama mtu mzima, amevua viatu chini ya meza, macho mekundu kwa kazi. Aliisoma barua mara mbili.

"Hapa wameandika anakonda kwa sababu anatapika. Kipi kilitangulia?"

"Kutapika," binti alikimbilia kujibu. Akamtupia mama yake jicho, jicho la kusema nyamaza, hili nimeshalibeba mimi.

Fundi mwenyewe alikwishasema hivyo mara mbili kwa madaktari wawili. Kusema mara ya tatu kulikuwa rahisi. Asingelaumiwa na mtu, hata shangazi mtu asingepata la kusema. Lakini Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

"Sio kweli," alisema. Akatoa daftari la vipimo, ambalo haachani nalo, akalifungua mezani. "Alianza kukonda. Kwa ajili ya gauni. Kwa ajili yangu. Tarehe hizi hapa."

Binti akaanza kulia kimya kimya.

Daktari alipitisha kidole kwenye namba. "Akishakula, analalaje?"

"Kifudifudi. Namgombeza. Namgeuza chali apumzike vizuri."

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akachora kwenye upande wa nyuma wa ile barua.

"Utumbo ukitoka kwenye tumbo la chakula, unapita katikati ya mishipa miwili mikubwa ya damu. Kuna mafuta kidogo yanayoiachanisha. Mtu akikonda kwa haraka, mafuta yanaisha, mshipa wa mbele unaulalia utumbo. Chakula kikifika hapo, kinakwama."

"Kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani," fundi alisema.

"Ndiyo. Na akilala chali unabana zaidi. Akiinama, unalegea. Mwili wake ulikuwa unajitafutia nafuu, sisi tunamwambia akae vizuri. Ni ugonjwa wa nadra. Nimewaona wawili tu tangu nianze kazi. Mmoja alikondeshwa na homa ndefu, mwingine alivunjika mifupa, akafungwa plasta ngumu kiwiliwili kizima. Huyu amekondeshwa na gauni, na fomu yangu haina nafasi ya kuandika gauni."

"Kwa hiyo ni mimi."

Daktari hakumbembeleza. "Ungenyamaza, ningetia sahihi," alisema, akavaa viatu.

Picha ilipigwa mchana uleule, ikaonyesha utumbo umefura juu, halafu kama umekatika ghafla. Binti aliwekewa mpira mwembamba puani, ukapita mpaka ng'ambo ya pale palipobanwa, akalishwa kwa huo kidogo kidogo. Mwili ukikataa kurudi, walisema, atapasuliwa. Fundi alihamishia maisha kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alijifunza kumlaza ubavu wa kushoto. Jumatatu ikaja, ikapita.

Wiki ya sita mpira ulitolewa. Binti alikunywa supu kikombe kizima, wakasubiri saa moja, wakasubiri mbili. Haikurudi. Fundi akatoa utepe wake shingoni.

"Simama nikupime."

Binti akasimama, na utepe ulipomgusa tu akabana tumbo.

"Achia."

"Nikiachia namba itakuwa kubwa, mama."

"Achia tumbo, mwanangu."

Akaachia pole pole. Utepe uliteleza kwenye vidole vya fundi, ukasimama. Alisoma namba, akaiandika: ishirini na tatu na nusu. Walipoingia hapa ilikuwa ishirini na moja.

Binti alikuwa anamwangalia usoni. "Umechoka, mama?"

Mgongo ulikuwa unamwaka. Miguu imevimba, na usiku wa jana hakulala kabisa.

"Hapana," fundi alisema. "Sijachoka hata kidogo."