Marehemu wa Kiti Namba Saba

Kampuni yetu inauza ziwa, mlima na bahari kwa siku moja. Mungu alichukua muda mrefu zaidi kuvitengeneza, lakini Yeye hakuwa na ratiba. Sisi tunayo: ziwa dakika ishirini na tano, mlima saa moja pamoja na chakula, bahari dakika arobaini. Katikati kuna mashamba, madaraja na ng'ombe, ambao wateja wanawapiga picha kupitia kioo kana kwamba kwao maziwa yanaota kwenye pakiti. Mimi ndiye dereva. Ndiye pia mtoa maelezo, mbeba mabegi, mpiga picha na mfuta matapishi ya kona za mlimani. Ofisini wananiita Kapteni, kwa sababu kumpa mtu cheo ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa pili.

Sasa nieleze nilivyomuua mke wangu, maana watu wanalisimulia jambo hilo vibaya.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, miaka kumi na moja iliyopita. Tulifika ziwani tukakuta ukungu. Ziwa halionekani, hata ukingo wake. Wateja kumi na wanne walioamka alfajiri wakanitazama kama vile nimelificha chini ya kiti. Mmoja akaulizia kurudishiwa nauli. Nikashika kipaza sauti, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukasema: "Marehemu mke wangu alilipenda ziwa hili likiwa na ukungu. Hapa ndipo nilipomwomba tuoane."

Mama mmoja akatoa leso. Walisimama wakitazama ule weupe dakika ishirini na tano nzima, na wakati wa kupanda gari kila mmoja alinishika mkono. Nauli haikutajwa tena.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Safari iliyofuata hakukuwa na ukungu, nikamuua hivyo hivyo. Kisa kikaota mikono na miguu: nikaongeza kitambaa chake cha kichwa kilichopeperushwa na upepo, nikaongeza maneno yake ya mwisho, ambayo niliyabadilisha kufuatana na umri wa wateja. Wateja wakaandika kwenye mtandao. Ofisi nayo, ambayo haijawahi kuninunulia hata glavu, ikakichapisha kwenye kipeperushi: "Saa tatu na robo: Ziwa. Kisa cha dereva wetu mgane."

Mke wangu ni mzima wa afya. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule na kurekebisha nguo za watu kwenye chumba chetu cha mbele. Kwa miaka yote hiyo ameniomba jambo moja tu, nimpeleke akalione hilo ziwa. "Siku moja," nilimwambia. "Gari la wateja si gari la familia." Viti vikibaki wazi nilimwambia vimekodiwa. Ningefanyaje? Huwezi kumpeleka mtu kutembelea kaburi lake.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilimkuta anashona gauni jeusi lenye kola nyeupe. "Nani kafiwa?" nikamuuliza. "Kuna mtu," akajibu, pini zikiwa mdomoni. Nikaenda zangu kulala. Mimi ndiye yule dereva anayesifiwa kwa kuona hatari kabla haijatokea.

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimama mlangoni mwa gari mbele ya ofisi nikikagua tiketi. Kwanza akapanda mwalimu mstaafu wa hesabu, kipeperushi mkononi, kila kituo amekipigia mstari kwa rula. Wakafuata bwana na bibi harusi walioshikana kama wanaogopa kuibiwa. Kisha wengine na kofia zao. Halafu likaja gauni jeusi lenye kola nyeupe, na ndani yake mke wangu.

"Unafanya nini hapa?" nikanong'ona.

"Nasafiri. Kwani gari hili haliendi ziwani?" Akanyoosha tiketi. Kiti namba saba.

Nikaitoboa. Miaka kumi na sita ya ndoa, na namtobolea mke wangu tiketi.

Niliendesha huku jasho likinitoka kwenye baridi. Nilijipa moyo kwamba hajui kitu, amekuja tu kutembea, maskini ya Mungu, na kazi yangu ni kuhakikisha anarudi bila kujua. Nikawasha kipaza sauti na kutangaza kwamba kwa bahati mbaya leo ziwa linafanyiwa matengenezo.

"Ziwa linatengenezwaje?" mwalimu akauliza.

"Namaanisha barabara yake, mwalimu."

Hapo hapo likatupita basi la kampuni nyingine likitoka ziwani, abiria wakipunga mikono kwa furaha ambayo sikuona sababu yake. Mwalimu alitazama basi, akatazama kipeperushi, akanitazama mimi. Nikakata kona kuelekea ziwani.

Na siku hiyo ziwa lilijianika lote. Siku nyingine naomba jua hata la dakika tano silipati, lakini leo kila kilima kilikuwa kimesimama kichwa chini majini, na ndege weupe ukingoni kama waliolipwa. Mke wangu alishuka taratibu akasimama mbele kabisa. Niliuona uso wake kwa upande, na nikaona kwamba ni mzuri, ziwa na yeye, na kwamba kumnyima jambo dogo kama lile kwa miaka kumi na moja ilikuwa kazi ya mtu mpumbavu. Nikaona aibu. Lakini aibu haizuii ratiba.

"Ziwa hili," nikaanza, "lina samaki wa aina nyingi..."

"Kisa," akasema mwalimu.

"...na kina chake kinakadiriwa..."

"Kapteni, imeandikwa hapa. Kisa cha dereva. Samaki hawakuandikwa."

Wote wakanisogelea. Bibi harusi alishatayarisha leso. Nikaamua kumfufua mke wangu kimya kimya, katikati ya sentensi, bila mtu kugundua.

"Hapa ndipo nilipomleta mke wangu," nikasema.

"Marehemu," mwalimu akanisaidia.

Kwa kweli nilikuwa na nafasi. Ilikuwa pana, ingetosha lori. Mke wangu aligeuka akanitazama, akasubiri.

"Marehemu," nikasema.

Bibi harusi akaanza kulia. Mke wangu akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, dereva. Alikufa kwa nini?"

Watu wakamkodolea macho kama mtu aliyekosa adabu. "Ghafla," nikasema.

"Hakuumwa muda mrefu?"

"Hapana. Ghafla tu."

"Afadhali," akasema, akarudi kutazama maji.

Hapo nikajua kwamba anajua. Na bado nilikuwa na mlima wa kupanda, kona thelathini na mbili.

Mlimani tunasimama kula kwenye uwanja wenye meza za saruji. Wateja walinizunguka. Huyu ananipa yai, yule ananipa chungwa, bwana harusi ananishauri nisikate tamaa, yeye mwenye ndoa ya siku nne. Mke wangu alikaa peke yake kwenye jiwe anamenya ndizi. Nilipopata upenyo nikamfuata.

"Mke wangu, nisikilize."

"Dereva," akasema bila kuinua macho, "mimi ni mteja wa kiti namba saba. Kama una tangazo, watangazie wote."

"Nani alikwambia?"

"Kuna mama alileta sketi nimpunguzie kiuno. Nimeshika futi, anavuta tumbo ndani ili namba ipungue, huku ananihadithia dereva mmoja mgane, mtu wa watu, ana kovu kidevuni na anawaita abiria 'mabibi, mabwana na wengineo'. Analia mpaka machozi yananidondokea mikononi. Ananililia mimi." Akala kipande cha ndizi. "Nilimpa pole."

Nikarudi kwenye meza nikapewa yai jingine.

Baharini, kabla ya kugeuza gari, tuna utaratibu wetu: wateja wanasimama duara mchangani na kila anayetaka anasema neno la shukrani. Ni dakika tano, ofisi inazipenda. Mwalimu alishukuru kwa kuchelewa dakika saba tu. Bibi harusi alishukuru kwa upendo. Halafu mke wangu akasogea katikati, na upepo ukaishika kola yake nyeupe.

"Na mimi nimefiwa," akasema. "Mume wangu alikuwa dereva. Njia yake ilikuwa hii hii. Kila jioni alirudi na tope la ziwani kwenye viatu, nikalifagia. Niliomba anilete nilione. Alisema siku moja. Basi nikawa nalijua ziwa kwa tope lake, jekundu wakati wa mvua, jeupe wakati wa kiangazi. Sikumchukia. Nilidhani kazi imembana. Kumbe muda wote nafagia, mwenzangu alishaondoka siku nyingi. Habari za msiba nililetewa na mteja. Leo nimejilipia nije nione alikokuwa anakwenda. Ni pazuri. Asanteni kunisindikiza."

Alisema bila kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimeshika mwavuli wa kampuni. Katika miaka kumi na moja nimesimulia kifo mara nyingi kuliko mchimba makaburi, na sikuwahi kusikia kinachouma. Hiki kiliuma.

Wateja, waungwana hao, wakafanya hesabu. Mjane, mgane, gari moja. Mwalimu alinivuta mkono pembeni. "Kapteni, mambo mengine hupangwa. Hata taaluma ya marehemu inafanana." Bibi harusi akasema mama huyo akae kiti cha mbele na dereva, wakaanza hata kumhamishia kibegi.

"Nashukuru," mke wangu akasema. "Mume wangu hakunikalisha mbele. Sitaanza leo na mtu nisiyemjua."

"Basi hata pole mpe, Kapteni," mwalimu akanisukuma. "Wewe ndiye unayejua uchungu wake."

Watu kumi na watatu wakinitazama, nikamsogelea mke wangu, nikainamisha kichwa. "Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa," akasema.

Nilipomaliza kuosha gari na kufika nyumbani, gauni jeusi lilikuwa limetundikwa na yeye yuko kwenye cherehani anatia zipu. Kando ya mlango kulikuwa na maboksi mawili: mashati yangu, suruali zangu, vyote vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri mno. Koti langu la ngozi sikuliona. Nilikuwa nimeshaliona, kwa kweli, njiani, limemvaa jirani.

"Nguo za marehemu hazikai ndani," akasema. "Nimeanza kugawa. Viatu vyako nimemwahidi shemeji kesho kutwa."

"Nisamehe."

"Nimsamehe nani? Marehemu haombi radhi." Akakata uzi kwa meno. "Uliniua mbele za watu mara tatu kwa wiki, na wewe hukuona haya. Leo nimekuua mara moja tu, umekuja umenyong'onyea. Ukitaka maboksi haya yarudi kabatini, nenda kanifufue kule kule uliponizika. Si hapa chumbani. Hapa tuko wawili tu, hapa kila mtu ni shujaa."

Nilimweleza kwamba kisa kimechapishwa, kwamba Bosi ameagiza vipeperushi elfu mbili vipya. Akasema atakachovifanyia Bosi ni shauri ya Bosi, na akakanyaga cherehani, na cherehani ile ikikanyagwa hakuna anayemsikia mwenzake.

Jumatatu nikaondoka na wateja kumi na wawili, shati nililotoa kwenye boksi likiwa na mikunjo minne. Saa tatu na robo tukafika ziwani. Ukungu haukuwepo. Niliuomba, siwezi kukataa. Wakashuka, wakanizunguka, leso zikatoka mapema kama kawaida ya watu waliosoma kipeperushi.

"Mabibi, mabwana na wengineo," nikasema. "Mke wangu hajafa. Anashona sketi. Ziwa hili ameliona mara moja, Jumamosi, kwa tiketi aliyojinunulia, akakaa kiti namba saba."

Walinitazama kama watu waliouziwa saa isiyo na mishale. Mzee mmoja alikunja kipeperushi chake mara mbili akakitia mfukoni, bila shaka kwa ajili ya kukipeleka ofisini. Kisha mama mmoja mnene mwenye kofia ya manjano, ambaye njia nzima hakuwa amesema kitu, akauliza kwa upole, "Kwani kwa nini hukumleta wewe?"

Nilifungua mdomo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, uliniomba ruhusa, na mimi sikuwa na kitu cha kuuruhusu kusema. Nikatazama saa. Kwa mujibu wa ratiba, tulikuwa bado na dakika ishirini na mbili.