Simu Mbili za Malaba

Mwaka wa tisini na tisa, kati ya mawakala wote wa forodha waliokuwa wakikimbizana na makaratasi ya malori pale Malaba, wawili tu ndio waliokuwa na simu ya mkononi. Mmoja alikuwa Barnabas Mugeni, Msamia wa Funyula, ambaye mkewe Nanjala aliishi Burumba kule Busia, huku yeye mwenyewe amepanga chumba Malaba kwa sababu ya kazi. Wa pili alikuwa Ochom, Mteso wa Amukura. Laini zao zote mbili zilikuwa za Uganda. Mnara ulikuwa ng'ambo, na mawimbi yake yalivuka mto bila kugonga muhuri, yakafika mpaka veranda ya hoteli ya Mama Leonida, yakachoka hapo.

Kwa hiyo hapo ndipo wawili hao walipokula kila mchana, simu zikiwa mezani kando ya ugali.

Simu ya Barnabas ilikuwa pande la kitu, nyeusi, na eriali ya kuvuta kwa meno. Aliivaa mshipini, na kwa vile ilikuwa nzito, suruali yake ilikuwa imeshuka upande mmoja tangu Pasaka. Ya Ochom ilikuwa ndogo, ya kufunika na kufunua, na ukiifunua inatoa mwanga wa kijani ambao Ochom aliutazama jinsi watu wengine wanavyotazama watoto wao.

"Simu ni betri," Barnabas alikuwa akisema, akitafuna. "Hii nikichaji Jumatatu, Alhamisi bado inaongea. Hiyo yako ikifika saa sita imezimia kama mgonjwa."

"Hiyo ni simu ama ni jeki ya lori?" Ochom anajibu. "Simu inakaa kwa mfuko ya shati. Wewe ukitaka kukaa chini, lazima kwanza utoe silaha."

"Ikianguka je? Yako ikianguka unaokota na kijiko."

"Yako ikianguka inaua kuku."

Wateja wengine walikula wakisikiliza mjadala huo kila siku, kwa sababu hakukuwa na njia ya kuukwepa. Siku moja Mama Leonida, mwenye hoteli, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alisimama mbele yao na kitambaa cha kufutia meza.

"Hebu niambieni. Mimi nikitaka simu ya kuagizia samaki kule ziwani, ninunue gani kati ya hizo?"

Walimjibu kwa pamoja, kila mmoja akisukuma yake mbele. Akangoja wamalize.

"Na huko ziwani nani atashika?"

Wakatazamana.

"Nyinyi wenyewe huwa mnapigia nani?"

Barnabas akakohoa, akasema nyama ya leo ina chumvi. Ukweli ni kwamba walikuwa wakipigiana wenyewe kwa wenyewe. Nanjala, ili ampate mume wake mwenyewe, ingebidi aende posta aombe simu ya nchi za nje, kama mtu mwenye ndugu Ulaya. Kwa hiyo akiwa na neno alimtuma dereva wa lori, na neno lilifika. Wenye malori nao walikuja ofisini kwa miguu. Basi Barnabas akiwa ofisini alimpigia Ochom aliye getini kumwuliza kama kuna foleni, na Ochom alimpigia Barnabas kumwambia kwamba ipo.

Ili kumaliza ubishi, walikubaliana kuzijaribu simu mbele ya watu. Wakakodi boda boda mbili, baiskeli zile za kiti cha sponji nyuma, waende sambamba kuelekea ndani ya Kenya huku wanaongea. Simu itakayokata mtandao kwanza ndiyo takataka. Nusu ya soko ilitoka kuwaona: wanaume wawili wazima wenye tai, bega kwa bega, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele kwenye sikio la plastiki.

"Haloo! Unanisikia?"

"Nakusikia! Wewe unanisikia?"

Hata bila simu wangesikiana. Dereva wa Ochom alicheka mpaka akapoteza usukani, baiskeli ikaingia kwenye shimo, na simu ndogo ikaruka, ikatua kwenye tope. Kifuniko kikabanduka.

Barnabas alishuka. Angeweza kumsaidia mwenzake kuiokota. Badala yake alicheka, akageukia watu, akainua pande lake juu kama mchungaji na Biblia. "Yangu ingeanguka, ingevunja barabara!"

Ochom aliokota vipande vyake na kuvipangusa kwa tai. "Endelea kuchekelea," akasema polepole. "Angalau hii yangu imeharibika ikitumika. Hiyo yako, ukitoa mimi, ni nani amewahi kuipigia?"

Watu wakaguna. Barnabas akamlipa dereva na kuondoka.

Hawakusemezana tena. Barnabas, kwa hasira, akaomba kazi ya mpaka wa Busia na kurudi kwa mkewe Burumba, ambako mtandao ulishika vizuri ukisimama karibu na choo. Huko simu ikaanza kumfundisha adabu. Haikulia. Aliichaji, haikulia. Aliipeleka kanisani ikiwa imewashwa, akikaa mbele kabisa, akimwomba Mungu ilie wakati wa mahubiri ili atoke nje akiwa amekunja uso. Mungu hakusikia, au alisikia akanyamaza. Aligawa namba yake kwa madereva. Walisema "sawa boss," kisha wakaja wenyewe kumgongea mlango.

Siku moja ililia. Barnabas alivuta eriali kwa meno mpaka ufizi ukauma. Alikuwa mwanamke wa Kampala akimtafuta mtu anayeitwa Kato.

"Hapa si kwa Kato," Barnabas akasema, kisha haraka, "lakini ngoja, mama. Kato ni mgonjwa? Huko mvua inanyesha?"

Mama yule akakata.

"Sasa umeongea na nani?" Nanjala akauliza akianua nguo.

"Mambo ya kazi."

"Eti mvua ni mambo ya kazi," Nanjala akasema, akaingia ndani.

Mwishowe karatasi za lori moja zilimlazimu kurudi Malaba. Akaingia hotelini kwa Leonida ameinua kidevu, tayari kumpita Ochom bila salamu. Ochom hakuwapo. Meza yao ilikuwa imekaliwa na wanunuzi wa mahindi.

"Yule jamaa ameishiwa na betri?" akauliza.

Leonida akaweka chini sinia. "Baba, kwani hujui? Mama yake alikufa. Tumemzika Jumamosi, Amukura. Malaba yote ilienda. Tulijaza lori mbili." Akamtazama mshipini. "Hata watu wa Tororo walipata habari. Ni wewe tu hukuambiwa? Wewe mwenye simu?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma. Barnabas alitoka verandani, akapiga namba ya pekee aliyoijua kwa kichwa. Sauti ya mashine ikamwambia kwa Kiingereza kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena. Mashine ikarudia, bila kuchoka, kwa adabu ileile.

Basi akanunua sukari, mkate na majani ya chai, akapanda gari la Amukura. Alikuta turubai bado limetundikwa uani na wanawake wakiosha masufuria. Ochom alikuwa ameketi peke yake karibu na kaburi bichi, ndevu zimemjaa. Alimwona Barnabas akija na suruali yake iliyopinda, akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi.

"Pole, ndugu yangu," Barnabas akasema. "Sikujua. Kweli sikujua."

"Ningekuambia na nini?"

"Nimekupigia leo."

"Huku haishiki." Ochom akatoa mfukoni simu yake, kifuniko kimefungwa kwa utepe wa mpira. Haikuwa na mwanga wowote. "Mama alikuwa ananiuliza kama hii kitu inaweza kumfikia mpaka huku nyumbani. Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya kila mwezi."

Barnabas akaketi chini, na kwa sababu haikuwezekana kuketi nayo, akalifungua pande lake mshipini na kuliweka kwenye nyasi.

"Hata hiyo haishiki hapa?" Ochom akauliza.

Barnabas akatazama kioo. "Haishiki."

"Na ile eriali yote."

"Na eriali yote."

Ochom alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi, kisha akaficha uso mikononi, na Barnabas akamwekea mkono begani.

Shangazi mmoja, Amoding, alitokea jikoni akiwa amejifunga leso kiunoni. Aliwatazama wanaume wawili na vile vitu vyao viwili vilivyokufa.

"Mkimaliza kuangalia hizo," akasema, "chukueni hivi viti tulivyoazima kwa mazishi, mrudishe kanisani. Mafundisho ya dini yanaanza saa kumi, na bila viti watu watasimama."

Wakainuka. Vilikuwa viti vya mbao, vizito, na njia ilikuwa na mlima. Walibeba viwili viwili, Ochom mbele, Barnabas nyuma, wakipumzika kila walipofika kwenye kivuli.