Tuta la Tisa

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa saba mchana, nyanya za Bwana Lawama zililala. Hazikugeuka njano wala kukauka. Majani yalikuwa kijani kibichi vilevile, ila yamelegea kama nguo mbichi kambani. Tuta la kwanza lote, na nusu ya la pili.

Jina la Lawama alipewa na majirani, naye hakulikataa. Tangu afiwe na mkewe, miaka miwili sasa, hakuna kilichoharibika kwake ila kilikuwa na mkubwa aliyekiharibu. Na mkubwa wa karibu alikuwa mwenyekiti wa mfereji wa kumwagilia mashamba, shemeji yake, kaka wa marehemu. Siku mkewe alipozidiwa, gari la pekee kijijini lilikuwa limempeleka mwenyekiti kikaoni. Hilo halikumtoka rohoni.

"Shemeji, safari hii umenitilia nini kwenye maji?" aliuliza, amesimama mlangoni kwa mwenyekiti na mche mkononi.

"Ningekuwa na sumu ningeanza na ulimi wako. Nitaandika barua kwa watu wa kilimo."

"Andika. Ile ya kuomba bomba ya mwaka juzi ipate mwenzake wa kulala naye kabatini."

Kilichomuuma hakikuwa nyanya tu. Mbegu ile haikuwa ya dukani. Marehemu aliichagua tunda kwa tunda, msimu hadi msimu, akaikausha juu ya gazeti na kuitia kwenye kopo la majani ya chai. Sasa kopo lilikuwa tupu. Mbegu yote ilikuwa kwenye yale matuta kumi na mawili.

Ajabu, barua ilijibiwa. Lawama alitegemea mtu mwenye kitambi na faili. Akaja mwanamke kijana juu ya pikipiki, buti za mpira zina tope la shamba la mtu mwingine. Mtafiti wa magonjwa ya mimea, alisema, lakini watu walimwita Daktari.

"Shikamoo baba. Naomba glasi ya maji safi."

"Marahaba. Kiu tayari? Hata kazi hujaanza."

Daktari alicheka. Akakata shina la mche uliolala, akalining'iniza ndani ya glasi kwa kibanio cha nguo. Wakasubiri. Dakika ya tatu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka taratibu kutoka kwenye shina.

"Hao ni bakteria," Daktari alisema. "Wameziba mirija ya mche. Unakufa kwa kiu, na maji yako miguuni."

"Dawa yake?"

"Hakuna, baba. Sitakudanganya."

Lawama alimtazama upya. Hakuwahi kuona mtu wa ofisini akisema neno hilo bila kuzungukazunguka.

Siku tatu Daktari alitembea na maji. Alitupa chungwa mferejini, akalifuata kando kando, saa mkononi. Alipima kina kwa rula, na mteremko kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Watu walipita wakicheka kwamba sasa serikali inalisha mfereji matunda. Siku ya nne akafungua kompyuta juu ya kinu kilichofunikwa, na shamba la Lawama likatokea humo, maji yakienda kwa rangi ya buluu.

"Maji yakikimbia hubeba wadudu. Yakichoka, huwashusha," alisema. "Tuta la tatu litalala Ijumaa. La tano Jumapili, kabla ya la nne, kwa sababu pale kwenye kona maji yanapunguza mwendo. Ukifunga mfereji leo na kumwagilia kwa ndoo za kisimani, kuanzia la saba utaokoa."

"Umekuwa mpiga ramli sasa."

Lakini alifunga mfereji, akabeba ndoo. Ijumaa la tatu lililala. Jumapili la tano likafuata, la nne limesimama. Lawama alivua kofia, akasimama pale shambani peke yake kama yuko mbele ya mtu.

Jioni akamwambia Daktari, "Hapo kwenye la tisa umekosea. Maji ya jirani hupenya pale chini kwa chini. Mimi nimelima hapa, najua."

Angekuwa mkubwa mwingine, angenuna. Daktari alichukua jembe, akachimba, akakuta udongo umelowa. Akapima, akaanza hesabu upya mbele yake mpaka taa ya kompyuta ikafifia. Humo tuta la tisa likageuka jekundu, rangi ya hatari.

"Umenisahihisha, baba. Basi ling'oe lote, tuchimbe mtaro. La saba, la nane, na la kumi hadi la kumi na mbili yatapona."

"Lina maua! Halina hata jani lililolegea!"

"Najua."

Aling'oa. Kila mche ulikuwa kama anamng'oa marehemu mwenyewe. Wa mwisho aliukata shina, akautia kwenye glasi, akachuchumaa. Muda ulipita. Kisha uzi mmoja mweupe ukashuka.

"Mwanangu," alisema, "wewe unaona."

Mwezi wa tano matuta matano yaliiva, na kopo likajaa tena.

Lakini Daktari alikuwa amefuata maji hadi juu, kwenye birika la saruji wanapogawana zamu. Pale kila anayemaliza zamu huosha jembe lake ndani ya birika, ndipo amkabidhi mwenzake maji. Bilinganya za mwenyekiti zililala mwezi wa pili. Alidhani ni jua, akaosha jembe kama kawaida. Lawama alikuwa na adui wake mkononi, lakini hakwenda mlangoni kwake.

"Aliyetufundisha kuosha jembe pale ni mke wangu," alimwambia Daktari. "Alisema si heshima kumkabidhi mtu zamu na jembe chafu."

"Ilikuwa heshima, baba. Hakuna aliyejua."

Kwenye mkutano Daktari alieleza yote bila kumtaja mtu. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akatangaza ni marufuku kuosha jembe birikani. Watu wakapiga makofi. Lakini kisimani watu huchota maji ya kunywa, na foleni ni ndefu. Barua ya bomba bado iko kabatini.

Lawama alinyanyuka na jembe lake lenye tope.

"Sawa, shemeji. Sasa tukaoshee wapi?"